Mapango ya Popo, Songwe: kabla hujaingia na kundi la watu, soma hapa

Kipunji (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila likizo ikikaribia swali ni lile lile: "Mbeya twende wapi, Ziwa Ngozi tumeshapanda, ufukwe wa Matema tumeshaogelea?" Jibu linalotoka haraka siku hizi ni Mapango ya Popo, kule Songwe. Jibu zuri, ila linaishia hapo hapo. Mtu anaambiwa apande gari hadi Mbalizi, atafute bodaboda, basi. Hakuna anayemwambia avae nini, aingie saa ngapi, asimame wapi, na kwa nini asiwatimue wale popo ili tu apate picha. Mimi ni mzaliwa wa Mbalizi na huwa nasindikiza wageni kule, nikaona niyaweke yote sehemu moja.

Msimamo wangu nautaja mapema, ili anayepinga apinge akijua anapinga nini. Pango lile lina wenyewe, na wenyewe ni popo. Mgeni aje, tena aje kwa wingi, lakini sehemu yake ni mlangoni na hatua chache za ndani. Kule tumboni kwa pango wanakolala na kuzalia tuwaachie. Na saa bora kuliko zote ni jioni jua linapozama, wewe ukiwa nje.

Kwanza mahali penyewe. Mito Songwe ni miwili na ramani za simu huwachanganya watu. Uko Songwe unaotelemkia Ziwa Nyasa, huo ndio mpaka wetu na Malawi. Na uko huu mwingine unaokwenda kumwaga Ziwa Rukwa. Mapango yako bonde la huu wa Rukwa, ukanda ule ule wa kiwanda cha saruji na chemchemi za maji moto. Ukijikuta unaikaribia Kasumulu, kule mpakani na Malawi, geuza gari.

Sasa jiwe. Nyanda zetu za juu si nchi ya mapango makubwa. Iringa yote imekalia mawe magumu ya kale, na ukifika Rungwe unakanyaga majivu na lava za volkano. Mvua haiyayeyushi mawe hayo. Mapango marefu hupenda chokaa, kama Amboni kule Tanga. Songwe nayo ina chokaa, lakini haikulala chini ya bahari kama ile ya Tanga, imepanda kutoka chini. Maji ya moto hupita kwenye nyufa za Bonde la Ufa yakiwa yamebeba chokaa iliyoyeyuka pamoja na gesi ya kaboni dayoksaidi. Yakifika juu gesi inatoka, kama soda iliyofunguliwa kizibo, na chokaa inaganda palepale. Imeganda tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka hadi ikawa vilima. Wataalamu huliita jiwe hilo travatini. Chemchemi bado zinafanya kazi, nyingine joto lake linapita nyuzi 70, kwa hiyo ndani ya siku moja unaona jiwe likizaliwa na unaona pango lililochimbika ndani ya jiwe la aina hiyo hiyo. Kwangu hii ndiyo sababu ya kwanza ya kufunga safari, hata kabla ya popo.

Ukiona popote vijiti vya mawe vinavyoning'inia darini, au vichuguu vya mawe vinavyoinuka kutoka sakafuni, weka mikono mfukoni. Kwa kawaida vitu hivyo hukua kama sehemu ya kumi tu ya milimita kwa mwaka. Kijiti cha sentimita 10 huenda kilianza kudondoka miaka 1,000 iliyopita. Mafuta ya kiganja chako yakibaki juu yake, maji hayashiki tena vizuri na jiwe linabadilika rangi. Anayekivunja apeleke nyumbani anaweka kabatini kipande cheupe kisicho na maana yoyote kwa mgeni wake, na pango halikirudishi.

Popo nao. Ni mnyama anayenyonyesha, na kwa spishi nyingi jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Hapa ndipo watu hawaelewi. Panya ukiwaua kumi leo, mwezi ujao wamerudi ishirini. Kundi la popo likipoteza watoto wa msimu mmoja, limepoteza mwaka mzima. Na wanapotea kirahisi mno: mtu anapiga mbinja au anarusha jiwe, popo wote wanaruka kwa pamoja, watoto ambao bado hawajajua kuruka wanadondoka chini, na chini kule kumejaa mende wanaowasubiri. Nimewaona. Tangu hapo sikubali mtu apige kelele nikiwa naye, hata kama amenilipa.

Popo wanaokula wadudu wanaweza kumaliza usiku mmoja wadudu wa uzito wa nusu ya mwili wao, na jike anayenyonyesha hupita hapo. Hebu piga hesabu ya kundi zima, kila usiku, juu ya mashamba ya mahindi na maharage ya bonde lile. Mkulima halipii hata senti.

Vifaa: viatu vya kufunika mguu (gambuti ni bora zaidi), suruali ndefu, shati la mikono mirefu, kofia ngumu kama ile ya fundi wa ujenzi, tochi ya kichwani na nyingine ya akiba. Taa ya simu si tochi. Inakula chaji, inakunyima mkono mmoja, na ikianguka kwenye kinyesi cha popo hutaitaka tena. Barakoa usiikose, na si ile ya kitambaa. Atakayekuja hapa mwenye taaluma ya afya atueleze vizuri.

Msimu: Juni hadi Oktoba. Masika yetu huanza Novemba mpaka Aprili, njia inateleza na maji huingia sehemu yasikotarajiwa. Ukifika, pita ofisi ya kijiji kwanza, jitambulishe, upewe mwenyeji. Usimfuate kijana yeyote anayekuambia anajua njia ya mkato.

Na jioni sasa. Kaa pembeni ya mlango wa pango, usikae katikati, kwa sababu pale katikati ndiyo barabara yao. Zima taa zote. Wanaanza wachache, wanazunguka ndani ya mlango kana kwamba wanapima mwanga, wanarudi. Halafu wanakuja wengi, mfululizo, unasikia upepo wa mabawa yao usoni na sauti kama mvua inayokaribia. Wakati mwingine mwewe anakuwa juu ya mti anawasubiri. Hapo sijawahi kuona mgeni akiomba kurudi ndani.

Karibuni, anayejua zaidi aongeze.

---

MwlMwanjelwa

Asante sana kwa uzi huu, mkuu. Nafundisha jiografia kidato cha tatu na nimekuwa nikiomba safari hii kwa muda mrefu. Nina wanafunzi 45. Mada ya maumbo ya chokaa tunaifundisha ubaoni tu, mtoto anachora pango bila kuliona, anafaulu mtihani na bado hajui kitu.

Maswali yangu: je, 45 wanaingia kwa pamoja? Wasichana wenye pumu nifanyeje nao? Na hii ya jioni, mkuu wa shule hapendi gari la wanafunzi litembee usiku.

---

JiweGumu

Mleta uzi umeandika vizuri lakini naona unawatisha watu. Sisi tumekulia kule. Tumeingia na mienge ya nyasi tangu tukiwa wachunga ng'ombe, babu zetu wamechimba mbolea ya popo mle wakapeleka mashambani, hakuna aliyekufa. Leo tunaambiwa tusimame mlangoni kama wageni. Mgeni ametoa nauli kutoka Dar, mwache aone pango mpaka mwisho wake. Kijiji nacho kipate hela.

---

Kipunji

JiweGumu kaka, nakuheshimu, na hoja ya kijiji kupata hela naiunga mkono kwa moyo wote. Ila hela hiyo inatoka wapi? Mgeni anakuja kwa sababu ya popo. Moshi wa mwenge unapanda darini, ndiko waliko. Wakichoshwa wanahama, na wakihama tutabaki na shimo lenye harufu, na hakuna atakayetoa nauli kutoka Dar kuja kunusa.

Mbolea ya popo ni mali, sikatai. Ina naitrojeni na fosiforasi nyingi. Lakini wazee walichimba kwa majembe, kidogo kidogo, popo wakiwa hawana watoto. Tofauti yake na kuingiza kundi la watu 40 wenye spika ya muziki ni kubwa. Na hilo la spika limetokea, mimi nikiwa palepale.

Mwalimu, nitakujibu. Wacha kwanza tupate mtu wa afya.

---

TabibuRungwe

Habari za jioni wote. Nipo kwenye hospitali moja ya wilaya huku Nyanda za Juu, naomba kuongezea kwa upole maana hapa pana mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni vumbi. Kwenye kinyesi cha popo kikavu hustawi kuvu inayoitwa histoplazima. Ukiitimua kwa miguu unaivuta mpaka kwenye mapafu. Wengi hawapati dalili yoyote. Wengine, kati ya siku 3 na 17 baadaye, hupata homa, kikohozi, maumivu ya kifua na uchovu usioeleweka. Picha ya kifua inaweza kufanana sana na ya kifua kikuu. Hapa ndipo ninapoumia: mgonjwa anakuja na kikohozi, tunafikiria TB, tunampima, dawa zinaanza, naye hajataja kabisa kwamba wiki mbili zilizopita alikuwa pangoni. Tafadhali, ukiumwa baada ya kutembelea pango, mwambie daktari hilo neno la kwanza kabisa. Mwenye VVU, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mjamzito, mtoto mdogo, na anayetumia dawa zinazoshusha kinga asiingie ndani. Akae nje aone popo wakitoka.

La pili ni virusi vya Marburg. Vilitambuliwa mwaka 1967 kwa wafanyakazi wa maabara huko Ujerumani na Belgrade, na makazi yake ya asili ni aina moja ya popo mla matunda ambaye hulala mapangoni. Kenya kulitokea wagonjwa mwaka 1980 na 1987 waliokuwa wametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon. Uganda, mwaka 2008, mtalii kutoka Uholanzi aliugua na kufariki baada ya kuingia pango lenye popo hao. Kwetu Tanzania mlipuko wa kwanza ulitangazwa Kagera mwezi Machi 2023, watu 9 waliugua na 6 wakafariki, na mwingine ukatangazwa Januari 2025 huko huko Kagera, wilaya ya Biharamulo. Sisemi haya ili mtu aogope Songwe. Nasema ili mtu asishike popo, asile tunda lililong'atwa na popo, asiguse kinyesi wala mkojo wao kwa mkono wenye kidonda, na asijifute uso pangoni. Dalili za Marburg huanza siku 2 hadi 21 tangu kuambukizwa: homa kali ya ghafla, kichwa, misuli, kisha kutapika na kuharisha. Ukiona hivyo nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, useme ulikokuwa.

La tatu, kichaa cha mbwa. Popo aliyeanguka chini mchana haonyeshi urafiki. Huenda anaumwa. Usimwokote hata kwa huruma. Akikung'ata au kukukwaruza, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali.

Barakoa: inayofaa ni ya N95 au ya aina hiyo, inayobana pua na mashavu. Ile ya bluu ya upasuaji inaacha hewa ipite pembeni. Nguo ulizoingia nazo vua ukifika, zifuliwe peke yake. Gambuti zioshwe palepale kabla hazijapanda gari.

JiweGumu, kuhusu "hakuna aliyekufa": shikamoo kaka, lakini waliokohoa wakaambiwa wamerogwa tunawahesabu wapi?

---

JiweGumu

Marahaba daktari. Hili la TB sikuwahi kulisikia. Kuna mjomba wangu alichimba mbolea mle kwa muda na kifua chake hakikutulia mpaka leo. Nitamleta.

---

TabibuRungwe

Mlete. Na umkumbushe aeleze kuhusu pango mwenyewe, kwa kinywa chake.

---

MamaUyole

Wanangu, nimesoma yote. Na mimi niseme langu la uzee. Mapango mengi ya huku kwetu, na miamba mikubwa, ni mahali wazee walikotambikia. Pengine bado wanatambika na hamwambiwi. Ukikuta chungu, kitambaa, unga umemwagwa, usiguse wala usipige picha ukaweka kwenye simu. Hata kama wewe ni mlokole, ile ni ibada ya mtu. Ndiyo maana ya kupita kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza, atawaambia wapi pa kukanyaga na wapi pa kuacha. Watoto wa shule wafundishwe hilo wakiwa bado kwenye gari.

---

Kipunji

Shikamoo mama. Nashukuru sana, hilo nilipaswa kuliandika juu kabisa. Nitalisema kwa kila kundi.

---

NyaluHalisi

Kamwene wandugu. Niko Iringa. Nimefuatilia kimya kimya, nikaona niwape na upande wetu, maana mwalimu anaweza kuunganisha safari zote mbili kwa mwaka mmoja wa masomo.

Kama alivyosema mleta uzi, sisi hatuna chokaa. Mapango yetu ni majabali yaliyoinamiana au mwamba uliojitokeza mbele kama kibaraza. Hakuna giza la kutisha wala popo kwa maelfu. Lakini watu wameishi humo tangu zamani mno.

Nendeni Mlambalasi, njia ya kuelekea Hifadhi ya Ruaha. Watu wengi wanapajua kwa sababu ya Mtwa Mkwawa, chifu wetu Wahehe. Baada ya kuwapiga Wajerumani Lugalo, Agosti 1891, na baada ya ngome ya Kalenga kuanguka mwaka 1894, alipigana porini karibu miaka minne, akijificha kwenye miamba na misitu ya nchi yake. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona wamemkaribia, alijipiga risasi mwenyewe huko Mlambalasi kuliko kushikwa. Kaburi lake liko pale. Kichwa chake kilichukuliwa Ujerumani, kikaandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba kirudishwe, na kikarudi mwaka 1954. Fuvu liko kwenye makumbusho ya Kalenga.

Ambacho wachache wanajua ni kwamba karibu na kaburi hilo kuna kibanda cha mwamba ambacho watafiti walichimba mwaka 2006 na 2010. Wakakuta vitu vya nyakati tofauti vikiwa vimelaliana: masalia ya ufuaji wa chuma juu, chini yake zana ndogo ndogo za mawe za Zama za Mawe za Mwisho, shanga zilizochongwa kwenye maganda ya mayai ya mbuni, na mifupa ya watu waliozikwa humo maelfu mengi ya miaka kabla ya sisi Wahehe kuitwa Wahehe. Nikisimama pale huwa napata uchungu na fahari kwa pamoja. Chifu wetu alimalizia maisha yake kwenye jabali ambalo watu walikuwa wakilikimbilia tangu enzi za mbuni.

Ombi langu: msiokote chochote. Kijiwe kidogo chenye makali unachokiona sakafuni huenda ni kisu cha mtu, na kikihamishwa kutoka kwenye tabaka lake hakisemi tena kitu kwa mtafiti. Igeleke, hapa hapa pembeni ya mji, kuna michoro myekundu ya kale ukutani mwa mwamba. Watu wameandika majina yao kwa mkaa karibu nayo. Wengine humwagia maji ili ing'ae kwenye picha, na maji yanaichubua. Mwalimu, hawa watoto 45 wakirudi wakiwa wanajua hilo peke yake, safari imelipa.

Mkifika Iringa mpitie na Isimila, nguzo zile za udongo na zana kubwa za mawe. Hiyo ni zama nyingine kabisa, ya zamani zaidi, lakini iko njiani mkitokea Mbeya.

---

MwlMwanjelwa

Ahsante kaka, naandika kila kitu. Mwalimu mwenzangu wa historia nimemtumia hii.

---

MtuWaMiamba

Naomba nigusie jambo ambalo halijatajwa na linaweza kuua haraka kuliko yote: hewa.

Mleta uzi ameeleza kwamba maji ya Songwe yanapanda na kaboni dayoksaidi. Ni kweli, na gesi hiyo iko ukanda wetu mzima. Kule Busokelo, Rungwe, inavunwa kutoka ardhini, ndiyo inayokwenda kutiwa kwenye soda. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi, haina harufu. Inatelemka na kutulia kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa asubuhi mapema kusipokuwa na upepo. Wenyeji wa Rungwe wanayafahamu mashimo wanakokuta ndege na wadudu wamekufa bila jeraha.

Kwa hiyo pango lililo karibu na chemchemi za namna hii lina swali la ziada ambalo Amboni halina. Kanuni zangu: usishuke kwenye shimo lililo chini ya usawa wa mlango. Usiiname kunusa wala kulala chini. Mtoto mfupi na mbwa hupata shida kabla ya mtu mzima. Ukiona unapumua harakaharaka na hujafanya kazi yoyote, kichwa kinagonga, au unapata kizunguzungu, usisubiri kuthibitisha. Toka, na upande juu. Mwenzako akianguka kwenye shimo, usimrukie. Wanaokufa mara nyingi ni wale waliokwenda kuokoa.

Kuna wanaosema wabebe mshumaa, ukizimika watoke. Mshumaa hupima zaidi upungufu wa oksijeni. Kaboni dayoksaidi inaweza kuwa imeshakulewesha na moto bado unawaka. Na moto kwenye pango la popo tumeshaukataa. Mwili wako ndio kipimo ulichonacho, usikilize mapema.

Na harufu ile kali inayowasha macho mkikaribia walipo popo ni amonia ya mkojo na kinyesi. Ikianza kuwasha macho, mmefika mwisho wenu.

---

Kipunji

MtuWaMiamba nakushukuru, hapo umenipa kipimo kizuri cha kuwaonyesha watu: macho yakiwasha, tunageuka. Ni rahisi kuliko mimi kubishana na mgeni kuhusu mita.

Mwalimu, nikujibu sasa kwa jinsi ambavyo ningefanya mimi.

Watoto 45 wasikae mlangoni kwa pamoja. Wagawe makundi ya wanane au tisa, kila kundi na mtu mzima. Kundi moja linakuja na mimi, mengine yanakuwa kwenye maji moto na mwalimu mwingine, wanachora jinsi chokaa inavyoganda ukingoni. Ila kule kwenye maji moto kuwe na kamba au mstari wa mawe wasiouvuka. Ukoko wa chokaa ukingoni unaweza kuwa mwembamba, chini yake maji ya kumchuna mtoto ngozi. Hatari hiyo naiogopa kuliko popo wenyewe.

Kundi langu linaingia hatua chache, dakika kumi hazizidi, bila kuongea. Wanaangalia ukuta, tabaka zile zinaonekana vizuri kwa tochi ya pembeni. Tunatoka. Hakuna anayekwenda ndani zaidi, hata anayeonekana shujaa. Nawe mwalimu kaa mlangoni na orodha, uhesabu wanaoingia na wanaotoka.

Kuhusu jioni: huku kwetu mwezi wa sita na wa saba jua linazama kama saa 12 na nusu. Popo wanaanza kutoka muda mfupi baadaye. Mkiwapa nusu saa ya kuangalia kisha mkapanda gari, saa 2 usiku mko Mwanjelwa, lami yote ukishatoka vumbini. Kama mkuu wa shule hataki kabisa, basi mje asubuhi, mtaona jiwe na maji moto, mtakosa popo wakitoka. Sitakudanganya kwamba ni sawa na kuona.

---

DerevaWaCosta

Mimi hupeleka makundi upande huo. Mwalimu, mwambie mkuu wa shule gari lisimame kwenye eneo la wazi, lisisogezwe karibu na pango, taa na injini zizimwe. Kuna kundi moja dereva aliwasha taa kubwa ili watoto wasijikwae, popo wakarudi ndani wote na hawakutoka tena mpaka tulipoondoka. Watoto walilia. Wabebe tochi ndogo za kuangaza chini tu, mkizifunga karatasi nyekundu ya plastiki ni bora zaidi.

---

TabibuRungwe

Naunga mkono mpango wa Kipunji. Mwalimu, andika barua kwa wazazi, uulize wazi magonjwa: pumu, selimundu, moyo, dawa anazotumia mtoto. Wenye pumu waje na pampu zao mkononi, zisiachwe begini kwenye gari. Hao wasiingie, lakini wasiachwe shule. Jioni ile ni ya wote.

---

MamaUyole

Na maji ya kunawa na sabuni mbebe wenyewe, msitegemee pale. Na mtu asile chochote mpaka anawe. Mkate wa safari unaanzia mkononi.

---

MwlMwanjelwa

Wakuu, mrejesho. Nimechapisha uzi wote nikampelekea mkuu wa shule, akausoma mpaka mwisho, akaniita. Amekubali jioni, kwa masharti: wazazi wawili waongozane nasi, saa 2 usiku tuwe getini, na anayeingia hata hatua moja ndani awe na N95. Barakoa 45 ni gharama, kwa hiyo tutanunua kwa wale tu watakaoingia, na wanaoingia watachaguliwa kwa barua za wazazi, si kwa ubishi. Tumepanga wiki ya mwisho ya mwezi wa saba. Mwalimu wa historia ameshaanza kuomba ya Mlambalasi.

Kipunji nimekutumia ujumbe pembeni. Wenye pumu ni watano.

---

Kipunji

Nimeuona, mwalimu. Hao watano niletee majina. Pale nje kuna jabali upande wa kulia wa mlango, vumbi halifiki na popo wanapita juu yake kabisa. Wao watakaa hapo, mbele ya wenzao wote.